Mwongozo kamili: namna ya kuchunguza hitilafu ya programu inayojitokeza mikononi mwa mtumiaji tu

Hitilafu inayosumbua kuliko zote ni ile inayokataa kujitokeza mbele ya fundi. Mteja analalamika, fundi anafungua programu, anabonyeza hiki na kile, kila kitu kinakwenda sawa, na mteja anaambiwa, "Umekosea wewe." Faili linafungwa. Wiki ijayo mteja mwingine anakuja na malalamiko yale yale.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta mada ya utafiti, au timu ndogo ya wasanidi programu inayotaka kuzielewa hitilafu za namna hiyo badala ya kuzikisia. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: maneno "mtumiaji kakosea" hayawezi kuwa hitimisho la uchunguzi. Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia. Mfano nitakaoufuata kuanzia mwanzo hadi mwisho ni malipo ya simu yanayokatwa mara mbili, kwa sababu ni tatizo ambalo timu nyingi za huku kwetu hukutana nalo. Njia yenyewe inafaa pia kwa programu ya hospitali, ya shule au ya duka.

Kwanza, kisa cha mji wa Tyler

Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na AECL, kampuni ya serikali ya Canada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Canada walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki.

Machi 1986, kwenye kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, mhudumu wa mashine alikusudia kuandika herufi "e" (tiba ya elektroni), akaandika "x" (tiba ya eksirei). Akaliona kosa lake mara moja, akarudi juu kwa kitufe cha mshale, akasahihisha, kisha akapitisha mistari iliyobaki haraka haraka kama alivyozoea. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na programu haikuyaona marekebisho yaliyofanyika ndani ya sekunde hizo. Skrini ilionyesha tiba sahihi, ilhali mashine ilikuwa imejipanga vingine. Ukatokea ujumbe "Malfunction 54" (yaani "Hitilafu 54") usio na maelezo yoyote ya maana. Mashine ile ilikuwa na desturi ya kusimamasimama kwa sababu ndogondogo, na kitufe cha "P" peke yake kilitosha kuiendeleza. Mhudumu akabonyeza "P". Mgonjwa akapigwa mara ya pili.

Wahandisi waliijaribu mashine na hawakupata kitu, ikarudishwa kazini. Aprili, hospitali ile ile, mhudumu yule yule, mgonjwa mwingine akaumia. Hapo mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akakaa na mhudumu na kurudia naye hatua zake moja baada ya nyingine, mpaka "Malfunction 54" ikatokea mbele ya macho yao. Siri ilikuwa kasi ya kuandika. Mhudumu alikuwa mzoefu na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Anayejaribu polepole, kwa uangalifu, asingeiona hitilafu hata angekesha.

Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha uchambuzi wa kina wa ajali hizi mwaka 1993. Wakaeleza pia kwamba mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na dosari ile ile, lakini vizuizi vyake vya vifaa viliunguza fyuzi na hakuna aliyeumia. Kwenye Therac-25 kazi ya vizuizi hivyo ilikuwa imeachiwa programu.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kila hatua inayofuata imo ndani yake. Hager hakumuuliza mhudumu maoni yake kuhusu mashine. Alimwomba arudie kazi yake.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka liweze kujibiwa

"Kwa nini programu yetu si ya kuaminika?" ni lalamiko. Swali la utafiti linataja kitendo, watu, mahali na kipimo: "Mteja anayelipia bidhaa kwa simu kwenye mtandao hafifu, baada ya sekunde ngapi za ukimya huanza kubonyeza LIPA tena, na ni malipo mangapi kati ya 1,000 yanayokatwa mara mbili?" Hapo kuna jambo la kuhesabu upande wa programu na jambo la kuhesabu upande wa mtu. Upande mmoja ukikosekana, umefanya nusu ya kazi.

Andika pia, kabla ya kugusa data, ni jibu gani litakalokufanya ukubali kwamba dhana yako ni potofu. Karatasi hiyo itakulinda dhidi ya wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Vibali na siri za watu

Utafiti wa kitaaluma unaohusisha watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako. Vibali vya utafiti Tanzania hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Kenya ni NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zisome kabla hujakusanya hata jina moja.

Jambo la kiufundi ambalo wengi hulikosea: kuficha namba ya simu kwa kuigeuza kuwa msururu wa herufi kwa fomula inayojulikana hakutoshi. Namba zote za simu za nchi moja ni chache kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote na kulinganisha. Tumia fomula inayochanganya namba na ufunguo wa siri, ufunguo huo uhifadhiwe mbali na data, na uharibiwe utafiti ukiisha. Namba ya siri ya mteja isiandikwe popote, kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya 3: Ifanye programu isimulie kilichotokea

Kumbukumbu nyingi za seva huandika ombi limefika na limejibiwa, basi. Hazisemi mtu aliona nini. Unahitaji matukio matano yaandikwe kila moja peke yake: skrini imefunguka, kitufe kimebonyezwa, ombi limetoka kwenye simu, jibu limefika kwenye simu, jibu limeonekana kwenye skrini. Kila tukio libebe namba ya kikao (mara moja ya mtu kuitumia programu, tangu kuifungua hadi kuifunga), namba ya ombi, saa ya simu na saa ya seva. Saa zote mbili zinahitajika, kwani simu nyingi saa zake hazijapangwa sawasawa.

Huu ni mfano wa unachoweza kukiona:

17:02:11 LIPA imebonyezwa
17:02:11 ombi A limetumwa
17:02:24 LIPA imebonyezwa
17:02:24 ombi B limetumwa
17:02:31 jibu la A: limefanikiwa
17:02:33 jibu la B: limefanikiwa

Soma mistari hiyo kama seva: maombi mawili halali, yote yamelipwa vizuri, hakuna hitilafu. Kisha isome kama mteja aliyesimama kaunta, watu wako nyuma yake, skrini imenyamaza sekunde 13. Amebonyeza tena. Hakuna aliyevunja sheria yoyote, na pesa zimekatwa mara mbili.

Tahadhari kuhusu saa. Seva nyingi huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake. Mteja akikwambia "ilikuwa saa mbili usiku", anamaanisha 20:00, ambayo kwenye kumbukumbu ni 17:00. Anayeandika mahojiano asiposhika jambo hili, atatafuta tukio la 02:00 na kuripoti kwamba mteja amesema uongo. Kwenye fomu ya mahojiano weka safu mbili: saa kama mtu alivyoitaja, na saa ya UTC uliyoikokotoa.

Hatua ya 4: Kaa na watu wanapofanya kazi yao

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Nenda anakokaa mtumiaji: dukani, kwenye kibanda cha wakala, mapokezi ya zahanati. Jitambulishe kwa adabu ya mahali hapo. "Shikamoo mama. Naomba nikae hapa pembeni saa moja nione unavyotumia programu. Sikupimi wewe mama, naipima programu. Ikikusumbua, ndicho ninachokitafuta." Maneno hayo ya mwisho yana kazi, kwa sababu watu wetu wamelelewa kutomkwaza mgeni. Ukimuuliza mtu, "Programu hii unaionaje?" atakujibu, "Nzuri tu, haina shida," hata kama asubuhi ile ile imemla pesa. Jibu hilo ni heshima kwako, wala usiliingize kwenye takwimu.

Badala yake uliza kilichotokea. "Mara ya mwisho malipo kugoma, ilikuwaje? Skrini iliandika nini? Ukafanya nini? Ukajuaje kwamba imepita?" Mtu akianza kusimulia tukio, adabu haimzuii tena, anasimulia kwa mikono na sauti. Mwombe akuonyeshe kwenye simu. Mara nyingi mkono utafanya jambo ambalo mdomo haukulitaja, kwa mfano kuzima na kuwasha data kabla ya kujaribu tena, au kutoka nje ya kibanda kutafuta mtandao huku kikao kikiendelea.

Angalia mambo ambayo kumbukumbu za mfumo haziwezi kukuambia: jua linapiga kwenye skrini, simu moja inashikwa na watu watatu, mwenye akaunti hajui kusoma vizuri na mtoto wake ndiye anayebonyeza. Hili la mwisho ni zito. Ukidhani akaunti moja ni mtu mmoja, uchambuzi wako wote wa "tabia ya mtumiaji" unachanganya watu wawili au watatu. Mtu anapoandika namba ya siri, geuka kabisa uangalie pembeni, ili akuone umegeuka.

Andika kwa mkono papo hapo. Kurekodi video ni vizuri ukiwa na idhini, ila kamera hubadilisha tabia.

Hatua ya 5: Panga makosa kwa chanzo chake

Mwanasaikolojia James Reason alitenganisha makosa ya binadamu kwa namna inayofaa sana hapa. Kuna kuteleza: nia ni sahihi, kidole kimekwenda kwingine. Kuna kusahau: hatua imerukwa. Kuna kukosea uamuzi: mtu amefanya alichokusudia, ila alichokiamini si sahihi. Na kuna kukiuka: mtu anaijua kanuni na anaiacha makusudi, mara nyingi kwa sababu kazi haiendi akiifuata.

Usione ni upangaji wa darasani tu. Kila aina ina dawa yake, na dawa ya aina moja haitibu nyingine. Mtumaji anayekosea tarakimu moja ya namba ya simu ameteleza. Kumwonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka, kama ifanyavyo huduma ya Hakikisha ya Safaricom, kunamsaidia kweli. Sasa linganisha na kilichotokea Citibank Agosti 2020. Benki ilikusudia kulipa riba ya mkopo wa kampuni ya Revlon, takriban dola milioni 7.8, ikatuma karibu dola milioni 900. Watu watatu waliidhinisha. Ili fedha za deni lenyewe, mbali na riba, zisitoke nje, visanduku vitatu vilipaswa kujazwa kwenye skrini. Kilijazwa kimoja, na wote watatu waliamini kinatosha. Hapo hakuna aliyeteleza. Imani yao kuhusu programu haikuwa sahihi, na kuongeza mwidhinishaji wa nne mwenye imani ile ile kusingesaidia chochote.

Mteja wetu aliyebonyeza LIPA mara mbili yuko kundi gani? Amekosea uamuzi: aliamini ombi la kwanza limekufa. Na imani hiyo ameipata kwenye skrini yenu.

Wapange matukio watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkikubaliana 80 kati ya 100, msifurahi haraka. Kama makundi ni mawili yaliyolingana ukubwa, hata kubahatisha tu kungewapatanisha kwenye 50. Kipimo cha Cohen cha kappa huondoa bahati hiyo, na hapa kingetoa 0.6. Matukio mliyotofautiana ndiyo ya kujadili. Mara nyingi yanaonyesha kwamba maelezo ya makundi yenu yana utata.

Hatua ya 6: Izalishe hitilafu kwa makusudi

Sasa fanya alichofanya Hager. Una dhana: ukimya wa skrini huzaa ubonyezaji wa pili. Utengeneze ukimya huo. Kwenye kompyuta ya Linux ambayo seva yako ya majaribio inatumia, zana ya netem inachelewesha na kupoteza data upendavyo:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 4000ms loss 10%`

Ukimaliza, ondoa:

`tc qdisc del dev eth0 root`

(Jina eth0 ni la kadi ya mtandao, la kwako linaweza kuwa jingine. Na kamwe usiiguse seva inayohudumia wateja.) Wape washiriki kazi za kawaida kwa pesa za majaribio: lipia bili, nunua umeme. Badilisha ucheleweshaji kati ya sekunde 2, 5, 10 na 20 kwa mpangilio wa kubahatisha, ili anayechoka asichoke kwenye sekunde 20 tu. Pima muda kutoka kubonyeza kwa kwanza hadi kwa pili. Mshiriki akimaliza, mweleze ulichokuwa unakifanya.

Jaribu pia kasi. Mtumiaji mzoefu hutangulia skrini: anajua menyu kwa kichwa, anabonyeza kabla maandishi hayajatokea. Ukiwajaribu wageni peke yao utafanana na fundi anayeandika polepole.

Hatua ya 7: Watu wangapi?

Kuna desturi ya kujaribu watu watano. Inatokana na hesabu za Jakob Nielsen na Thomas Landauer za 1993: tatizo ambalo kila mtumiaji ana uwezekano wa wastani wa asilimia 31 wa kukutana nalo, watu watano wataliibua kwa uwezekano wa asilimia kama 85. Watu husahau nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Tatizo linalomkumba mtu mmoja kati ya 20, watu watano wataliona kwa asilimia 23 tu. Ili uwe na asilimia 90 ya kuliona unahitaji watu 45. Malipo mara mbili ni la kundi hili la nadra, kwa hiyo watano wanakutosha kuelewa namna linavyotokea, lakini hawakutoshi kusema halipo.

Kanuni nyingine ya kushika: ukijaribu mara 300 bila kuona hitilafu hata moja, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango chake hakizidi takriban 3 gawa kwa 300, yaani asilimia 1. Kwa huduma yenye miamala 100,000 kwa siku, asilimia 1 ni miamala 1,000. Na hata dai hilo linahitaji majaribio yasiyotegemeana. Mara 300 za mtu mmoja mwenye tabia moja hazihesabiki hivyo.

Hatua ya 8: Rekebisha, kisha upime upya

Kwenye programu ya simu janja, namba ya ombi itengenezwe skrini ya malipo inapofunguka, na ibaki ile ile mteja akibonyeza mara moja au mara kumi. Kwenye hifadhidata weka sharti kwamba namba ya ombi haijirudii. Ombi la pili likifika na namba ile ile, seva irudishe jibu la lile la kwanza bila kukata pesa tena. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi, maana mtu anaweza kufunga programu na kuifungua upya. Kwa hiyo ikifunguka, ionyeshe kwanza malipo ambayo hayajajulikana hatima yake.

Menyu za nyota na reli (* na #, yaani USSD) ni ngumu zaidi, kwa kuwa simu haihifadhi kitu kikao kikikatika. Hapo kumbukumbu iwe upande wa seva: namba ile ile, mpokeaji yule yule, kiasi kile kile ndani ya dakika chache, basi uliza. Ujumbe mmoja hauna nafasi ya zaidi ya herufi 182, kwa hiyo kila neno lifanye kazi: "Dakika 2 zilizopita umelipa 20,000 kwa duka hili na imepita. Unalipa tena? 1. Hapana 2. Ndiyo". Nimeiweka Hapana namba 1 kwa makusudi, kwa sababu mkono wenye mazoea hubonyeza 1 bila kusoma. Ni sawa na ile "P" ya Tyler. Onyo linalojitokeza kila mara hugeuka kuwa kelele, hivyo lijitokeze pale tu panapofanana kabisa.

Kupima upya kunahitaji haki. Msilinganishe wiki ya kwanza ya marekebisho na wiki ya mwisho wa mwezi, mishahara ilipotoka na mtandao ulipoelemewa. Wagaweni watumiaji kwa kubahatisha, nusu wapate toleo jipya na nusu wabaki na la zamani, kwa siku zile zile. Hesabuni malipo mara mbili kwa kila 1,000, na pia hesabuni watu waliozuiwa ilhali kweli walitaka kulipa mara mbili. Wapo, kwa mfano anayemnunulia jirani umeme wa kiasi kile kile.

Hatua ya 9: Ripoti na jaribio la kudumu

Katika ripoti, andika mfuatano: mtandao ulichelewa, skrini ikanyamaza, mteja akaamini ombi limekufa, akabonyeza, seva ikapokea ombi jipya, pesa zikakatwa. Kila kiungo kiwe na ushahidi wake, ama mstari wa kumbukumbu ama maneno ya aliyeshuhudia. Kiungo kisicho na ushahidi kiandikwe hivyo hivyo.

Halafu mfuatano ule ule ugeuzeni kuwa jaribio linalojiendesha kila programu inapobadilishwa, likibonyeza kwa mwendo wa watu mliowaona: la polepole, la haraka, na lile la kubonyeza tena baada ya sekunde 13. Jaribio lipewe maelezo mafupi ya lilikotoka, ili msanidi atakayekuja miaka miwili ijayo asilifute akidhani halina kazi.

Wale mliokaa nao vibandani, rudini kuwaonyesha toleo jipya kabla halijatoka kwa wote. Wao ndio watakaoona mapema kama mmehamisha tatizo kutoka skrini moja kwenda nyingine.